Gari lisilotembea nalo huharibika: Namna ya kuliandaa kabla ya msimu wa theluji

KUANZIA mwezi wa Novemba, theluji inapoanza kudondoka katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, nchini Kanada na katika sehemu kubwa ya Ulaya, magari mengi hutoweka barabarani. Huingizwa ndani, yakafunikwa na kuachwa humo hadi Machi au Aprili barafu inapoyeyuka.

Baadhi yake ni magari ya kale au ya kifahari ambayo wenyewe hawataki yaguswe na chumvi inayomwagwa barabarani. Mengine ni ya kawaida tu, ila wenye nayo wamesafiri. Miongoni mwa wasafiri hao wamo Wakenya wanaoishi Minnesota, Massachusetts na kwingineko, ambao hufunga safari ya nyumbani mwezi wa Desemba na kukaa na jamaa zao kwa mwezi mmoja, miwili au hata mitatu.

Aghalabu matayarisho ya safari kama hiyo huishia kwenye tiketi, zawadi na mizigo. Gari huzimwa, milango ikafungwa, na mwenyewe akashika njia kuelekea uwanja wa ndege. Anaporejea hupokewa na betri iliyokufa, breki zilizogandamana na panya waliozaa ndani ya kisanduku cha chujio la hewa. Akiwa na bahati mbaya zaidi, hukuta injini imepasuka, na gharama ya kuibadilisha huizidi kwa mbali nauli aliyolipa.

Watu wengi huamini kwamba gari huchakaa kwa kutumiwa, na kwamba likipumzishwa hubaki lilivyokuwa. Fundi yeyote aliyewahi kufungua injini iliyokaa kimya mwaka mzima atalipinga wazo hilo. Gari likisimama, unyevu wa hewani hupenya kwenye petroli, kwenye mafuta ya breki na kwenye kila pembe ya chuma isiyo na rangi. Betri huendelea kutumika hata kama hakuna anayeligusa. Mpira wa magurudumu huelemewa mahali pamoja. Baridi kali nayo huongeza hatari yake yenyewe, yaani kuganda.

Kazi ya kuliandaa gari, kwa hivyo, ni kazi ya kupambana na unyevu na kuganda. Siku moja yatosha kuikamilisha, mradi ifanywe kabla ya baridi kushika kasi, wakati bado mtu anaweza kufanya kazi nje bila vidole kufa ganzi.

Mahali na sheria

Jambo la kwanza ni kupata mahali. Gereji ya nyumbani iliyo kavu na yenye sakafu ya saruji ndiyo bora. Sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku na mchana, na asiye na budi kuitumia hana budi pia kutandaza karatasi nene ya nailoni chini ya gari. Kuliegesha juu ya nyasi ni kuliandalia kutu na kuwaandalia panya makao.

Si lazima gereji iwe na joto. Kinachohitajika ni ukavu. Kwa hakika, gari lililotapakaa theluji yenye chumvi likiingizwa katika gereji yenye joto hula kutu upesi kuliko likiachwa nje kwenye baridi, kwa sababu kutu huenda kasi zaidi joto linapopanda.

Kuliacha kando ya barabara mbele ya nyumba, jambo ambalo wengi hulifanya bila kufikiri, huweza kuwagharimu. Mji wa Minneapolis, kwa mfano, hutangaza hali ya dharura theluji inapokuwa nyingi, na kwa siku tatu mfululizo maegesho ya barabarani huongozwa na masharti maalumu ili matingatinga yapite. Gari linalopatikana mahali pasipofaa hutozwa faini na kuvutwa. Mwenye gari aliye Kisii au Kitale wakati huo hawezi kukimbia kulisogeza.

Sheria nazo hutofautiana. Ujerumani tangu 1997 ina nambari za usajili za msimu: miezi ambayo gari linaruhusiwa kutembea huandikwa kwenye ukingo wa kulia wa bamba la nambari, mathalan 04 juu na 10 chini, yaani Aprili hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo gari halipaswi kuendeshwa wala hata kuegeshwa kwenye barabara ya umma. Uingereza, kwa upande wake, ilianzisha mwaka wa 1998 utaratibu ambao mwenye gari huiarifu serikali kwamba gari lake limeondolewa barabarani, na kodi ya miezi kamili iliyosalia hurejeshwa.

Marekani kila jimbo lina masharti yake. New York, anayetaka kuikatiza bima ya lazima anatakiwa kwanza kuyarudisha mabamba ya nambari, la sivyo leseni yake ya kuendesha gari yenyewe huwa hatarini. Kwa jumla, si busara kuifuta bima yote ili kuokoa pesa chache. Gari lililo gerejini linaweza kuibwa, kuungua au kuangukiwa na paa lililolemewa na theluji. Kampuni nyingi hukubali kupunguza bima hadi ile ya wizi, moto na majanga. Ambaye bado analipa mkopo wa gari aulize kwanza benki yake, kwani mikataba mingi haimruhusu kupunguza chochote.

Kuosha kwanza, kisha mengine

Gari lioshwe siku chache kabla ya kufungiwa, si saa moja kabla. Panapostahili kuangaliwa zaidi ni chini: ndani ya mikunjo ya magurudumu, kwenye ekseli, kwenye mabomba ya breki na mahali matope yanapojibana. Ikiwa gari limewahi kukanyaga barabara yenye chumvi msimu huo, hata mara moja, maji yenye nguvu yapitishwe huko chini hadi yatoke safi. Baada ya kuosha, gari liendeshwe kwa nusu saa ili breki zipate joto na maji yaliyojificha yakauke.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti visiachwe juu ya rangi, kwa kuwa huila polepole kwa miezi yote hiyo. Tabaka la nta juu ya rangi ni kinga nzuri. Ndani, mazulia yanyanyuliwe na kukaushwa, na kila chembe ya chakula iondolewe. Biskuti moja ya mtoto iliyoangukia chini ya kiti huweza kuwaita panya wa mtaa mzima.

Petroli, oili na kulanti

Petroli ina maisha. Baada ya miezi mitatu hadi sita huanza kupoteza vile viungo vyepesi vinavyoiwezesha kuwaka kwa urahisi, na mabaki yake hugeuka utando wa kunata unaoweza kuziba nozeli za injini. Sehemu kubwa ya petroli inayouzwa Marekani huchanganywa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hutengenezwa hasa kutokana na mahindi. Ethanoli hufyonza maji. Yakizidi kiasi, ethanoli na maji hayo hujitenga na petroli na kutuama chini ya tanki, mahali hasa ambapo pampu hufyonzea.

Dawa yake ni kujaza tanki karibu pomoni, kwani tanki lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu. Kabla ya kujaza, hutiwa kimiminiko cha kuhifadhi petroli kinachouzwa katika maduka ya vipuri, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisha injini iachwe ingurume au gari liendeshwe kwa takriban dakika 10, ili petroli yenye dawa ifike hadi kwenye nozeli. Wengi hutia dawa wakiwa wamekwisha kuliegesha gari na kulizima, hivyo hubaki tankini ilhali mabomba yana petroli isiyo na kinga.

Magari ya dizeli yana tatizo tofauti. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda na kuziba chujio, kama mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi yenye baridi. Vituo vya mafuta vya nchi za baridi huuza dizeli maalumu ya msimu huo. Hatari ni kwa aliyejaza tanki Septemba, akaliegesha gari na dizeli ya kiangazi.

Oili ya injini ibadilishwe kabla ya gari kuhifadhiwa, hata kama muda wake haujafika. Oili iliyokwisha kutumika imebeba asidi na maji yaliyotokana na kuungua kwa petroli, na vitu hivyo vikiachwa vikae juu ya beringi za injini kwa miezi minne huanza kuzila. Kungoja kubadilisha oili wakati wa kulitoa gari ni kuiacha oili chafu ifanye kazi yake yote ya uharibifu ndipo itupwe.

Kulanti, yaani maji ya rejeta, ndiyo yenye uwezo wa kuua injini kwa usiku mmoja. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na hakuna chuma cha injini kinachoweza kuzuia nguvu hiyo. Mwishoni mwa Januari 2019 kipimajoto mjini Minneapolis kilionyesha zaidi ya digrii 30 chini ya sifuri. Katika baridi kama hiyo, rejeta yenye maji matupu hupasuka, na bloku ya injini pia.

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani humponza dereva wa Kenya. Jijini Nairobi, kuongeza maji ya mfereji kwenye rejeta rejeta inapopungua hakumletei mtu balaa la kuganda. Mazoea hayo yakihamishiwa ng'ambo, kila lita ya maji huidhoofisha kulanti bila mwenye gari kujua.

Mchanganyiko unaopendekezwa na watengenezaji wengi wa magari ni nusu maji na nusu glikoli ya ethilini. Mchanganyiko huo huganda karibu digrii 37 chini ya sifuri. La kushangaza ni kwamba glikoli tupu, isiyo na maji hata kidogo, huganda mapema zaidi, karibu digrii 13 tu chini ya sifuri. Anayedhani kwamba kuijaza glikoli peke yake ndiko kujikinga zaidi hujidanganya. Kipimo kidogo cha mkononi, kinachouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vipuri, humwonyesha mtu kulanti yake itahimili digrii ngapi.

Tahadhari moja haipaswi kupuuzwa. Glikoli ya ethilini ina ladha tamu na ni sumu kali. Kiasi kidogo kilichomwagika sakafuni kinaweza kumuua mbwa au paka, na mtoto pia yumo hatarini. Kilichomwagika kifutwe pale pale.

Maji ya kuoshea kioo cha mbele nayo yasisahaulike. Yakiwa maji ya kawaida, hupasua chombo chake na kuua pampu yake ndogo. Yaondolewe na mahali pake patiwe kimiminiko cha msimu wa baridi.

Betri

Hakuna sehemu ya gari inayolalamikiwa zaidi baada ya msimu wa baridi kuliko betri. Gari la kisasa halilali kamwe. Likiwa limezimwa na kufungwa, king'ora, saa, redio na kompyuta zake huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Chukua gari linalotumia miliampia 50 likiwa limezimwa, kiasi ambacho si cha ajabu. Kwa siku moja hiyo ni ampia-saa 1.2. Betri ya ampia-saa 60 huwa imekauka kabisa baada ya siku 50, na uwezo wa kuliwasha gari huwa umetoweka mapema zaidi ya hapo. Aliyesafiri Desemba mosi na kurudi mwishoni mwa Januari hana gari la kumtoa uwanja wa ndege.

Betri iliyokauka ina hatari nyingine kubwa zaidi. Betri ya risasi na asidi iliyojaa umeme haigandi hadi baridi ipite digrii 50 chini ya sifuri, ambayo ni nadra hata Kanada. Umeme unapopungua, asidi iliyomo hugeuka kuwa karibu maji matupu, na betri iliyokauka huweza kuganda kwenye digrii 7 hadi 10 tu chini ya sifuri. Ikiganda, bamba zake huvunjika na ganda lake hupasuka. Betri iliyoganda isichajiwe wala isiunganishwe na gari jingine kwa nyaya, kwa kuwa inaweza kulipuka na kummwagia mtu asidi usoni.

Njia bora ni chaja ndogo inayojidhibiti, ambayo huunganishwa kwenye betri na kuachwa hapo msimu wote. Hujizima betri inapojaa na kujiwasha inapopungua. Chaja za zamani zisizojizima hazifai kwa kazi hii, kwani huchemsha betri hadi ikakauka maji.

Pasipo na soketi ya umeme, betri ichajiwe hadi ijae, kisha waya hasi uondolewe. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 ikiwa imetulia; ikisoma chini ya 12.4 ichajiwe tena. Kabla ya kuuondoa waya, mwenye gari ahakikishe ana namba ya siri ya redio, ikiwa redio yake huidai, na ufunguo wa chuma wa mlango. Yapo magari ambayo betri yake imo kwenye buti, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme. Aliyelifunga buti baada ya kutoa waya amejifungia nje.

Wazee wa magari bado wanashikilia kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonywa umeme. Huenda ilikuwa na ukweli zamani, enzi za maganda ya mbao na mpira. Maganda ya leo ni ya plastiki, na saruji haina lolote la kuyafanya.

Kosa la kuwasha injini kila wiki

Ushauri unaotolewa mara nyingi zaidi kwa anayesafiri ni kwamba amwombe rafiki apite kila wiki, aliwashe gari kwa dakika kumi kisha alizime. Ni ushauri wa nia njema na wenye madhara.

Petroli inapoungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo katika safari ya kawaida hutoka kama mvuke kupitia bomba la moshi. Kwenye baridi kali, injini inayonguruma dakika kumi bila kutembea haifikii joto la kuufukuza mvuke huo. Maji hubaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, na wiki inayofuata huongezewa mengine. Betri nayo hupoteza umeme mwingi kwa kuzungusha stata kwenye oili iliyoganda kama asali, na alteneta haipati muda wa kuurudisha. Rafiki huyo huwa amelifanyia gari ubaya mara nane au kumi kabla ya mwenyewe kurudi.

Kama gari ni lazima liwashwe, basi liendeshwe barabarani kwa dakika 20 hadi 30 hadi injini ipate joto kamili. Asiyeweza kufanya hivyo aliache lilale.

Lipo jambo zito kuliko kutu. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya gereji iliyofungwa hujaa kwa dakika chache. Gereji ikiwa imeungana na nyumba, hewa hiyo huingia hadi vyumba vya kulala. Mnamo Februari 2021, baridi isiyo ya kawaida ilipokata umeme katika jimbo la Texas, baadhi ya watu waliwasha magari gerejini ili wapate joto, na hewa hiyo ikawaua. Kufungua mlango wa gereji pekee hakutoshi. Gari likiwashwa, litolewe nje mara moja.

Magurudumu na breki

Hewa ndani ya gurudumu husinyaa baridi inapozidi. Kila joto linaposhuka kwa karibu digrii 5 na nusu, gurudumu hupoteza takriban psi moja. Gurudumu lililojazwa psi 32 siku yenye digrii 20 za joto huwa na karibu psi 25 kwenye digrii 20 chini ya sifuri, na uzito wa gari huanza kulibonyeza upande wa chini hadi umbo lake likapotoka. Kwa hivyo yajazwe zaidi kidogo ya kawaida, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa gurudumu lenyewe.

Wako wanaopendelea kuliinua gari juu ya vigingi vya chuma. Kwa miezi mitatu au minne hakuna haja. Anayeshikilia kufanya hivyo aviweke vigingi chini ya ekseli au mikono ya magurudumu, ili springi zibaki zimebeba uzito kama kawaida badala ya kuning'inia.

Breki ya mkono isivutwe. Unyevu ukiingia, kitambaa cha breki hushikamana na chuma kwa kutu au kwa barafu, na siku ya kuondoka gurudumu hukataa kuzunguka. Gari litiwe gia, au liwekwe kwenye alama ya P kwa yale ya otomatiki, na magurudumu yazuiwe kwa kabari za mbao mbele na nyuma. Mafuta ya breki nayo hufyonza maji kutoka hewani. Yaliyokaa zaidi ya miaka miwili yabadilishwe kabla ya kulihifadhi gari.

Panya

Anayedharau panya hajawahi kulipia nyaya za gari. Baridi inapoingia, panya wadogo hutafuta mahali pakavu pa kuzalia, na gari lililosimama lina kila wanachokitaka: sufu za viti, karatasi za chujio la hewa na maelfu ya matundu. Panya mdogo hupita kwenye tundu lenye upana wa penseli. Akishaingia hutafuna nyaya, na waya mmoja uliokatika ndani ya dashibodi unaweza kumsumbua fundi kwa siku nzima.

Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndizo silaha rahisi. Hupachikwa kwenye mdomo wa bomba la moshi na kwenye tundu la kuingizia hewa ya injini, na panya hawezi kuzitafuna. Kwa kuwa anayeliwasha gari pakiwa pamezibwa anaweza kuiharibu injini, karatasi yenye maandishi makubwa ifungwe kwenye usukani kumkumbusha kuziondoa. Mitego iwekwe kando ya kuta za gereji. Vidonge vya naftalini, ambavyo wengi huvitupa ndani ya gari, huacha harufu isiyotoka na mvuke usio mzuri kwa afya.

Anayekuta kinyesi cha panya wakati wa kulifungua gari asikimbilie ufagio. Huko Amerika Kaskazini baadhi ya panya hubeba virusi vya hanta, ambavyo huingia mwilini kwa vumbi linalovutwa puani na vinaweza kuua. Milango ifunguliwe hewa ipite, uchafu ulowanishwe kwa maji yenye dawa ya klorini kwa dakika tano, kisha ufutwe kwa karatasi na mikono iliyovaa glavu.

Gari likishaandaliwa hivyo, lifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia unyevu chini yake na kuifanya rangi itoe malengelenge. Nje penye upepo huisugua rangi kama msasa.

Mengi ya haya hayahitaji theluji ili yawe ya kweli. Gari lililoachwa Nairobi na mwenyewe akaenda Qatar kwa mkataba wa miaka miwili hufa betri vile vile na kuliwa nyaya vile vile. Mombasa, hewa ya bahari hufanya kazi ya chumvi ya barabarani bila kulipwa. Kinachobadilika ni kulanti na dizeli tu.

Magari ya umeme

Magari ya umeme hayana oili ya injini wala petroli ya kuzeeka, lakini yana betri kubwa ya lithiamu ambayo haipendi kukaa imejaa wala imekauka. Kiwango cha katikati, karibu asilimia 50, ndicho kinachofaa mara nyingi, ingawa kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa. Kitabu cha Nissan Leaf, kwa mfano, huonya kwamba gari hilo lisiachwe kwa zaidi ya siku saba kwenye baridi iliyo chini ya digrii 25 chini ya sifuri. Gari la aina hiyo linahitaji gereji Minnesota kuliko linavyohitaji kitu kingine chochote. Ikumbukwe pia kwamba mengi ya magari haya bado yana betri ndogo ya volti 12, na hiyo hufa kama nyingine zote.

Siku ya kulitoa

Kabla ya ufunguo kuguswa, nyuzi za chuma ziondolewe na boneti ifunguliwe kutazamwa kama kuna kiota. Sakafu chini ya gari ichunguzwe: doa la kijani au la rangi ya chungwa ni dalili ya kulanti iliyovuja, doa jeusi ni oili. Kiwango cha oili, kulanti na mafuta ya breki kipimwe, magurudumu yarudishwe kwenye presha yake ya kawaida, na waya wa betri uunganishwe. Injini ikiwaka, isikanyagwe kwa nguvu. Iachwe kidogo oili ipande, kisha gari liendeshwe polepole.

Kanyagio la breki lijaribiwe gari likiwa bado uani. Katika kilomita za kwanza breki zitakwaruza, kwa kuwa diski zimeota kutu nyepesi ambayo hufutika zenyewe. Magurudumu nayo yanaweza kutikisa usukani hadi yapate joto na kurudia umbo. Mtikisiko ukiendelea baada ya kilomita 30 au 40, au kanyagio likizama zaidi ya kawaida, gari lipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.